Vipimo vya maji kwa tangi jipya la samaki: kipi ununue Dar, kipi ukiache dukani

Malalamiko ya wasomaji wa Dar yanafanana mno. Tangi la lita 60 limenunuliwa Jumamosi, samaki wa dhahabu wanne wakaingizwa siku hiyo hiyo, na kufikia Ijumaa wawili wanaelea. Maji yanang'aa. Muuzaji akiulizwa anasema samaki walikuwa dhaifu, kisha anauza wengine.

Kilichowaua hakionekani kwa macho. Ni amonia, inayotoka kwenye matamvua ya samaki, kwenye kinyesi na kwenye chakula kilichobaki chini. Tangi jipya halina bakteria wa kuigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia zaidi. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujaa kwenye sponji ya filta. Katika wiki hizo, kipimo cha maji ndicho kifaa muhimu kuliko taa, mapambo na hata chakula cha bei ghali.

Joto letu linaongeza tatizo. Tangi la Dar hufika nyuzi 28 bila hita, na kwa joto hilo, maji yenye pH 8 (pH ni kipimo cha asidi na alkali ya maji) huwa na asilimia 6 hivi ya amonia yote katika hali yenye sumu kali. Kwenye pH 7 haifiki hata asilimia 1. Kwa hiyo anayetumia maji ya kisima cha pwani, yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe yanayopandisha pH, anaweza kusoma namba ileile ya amonia kama jirani yake wa maji laini na bado akapoteza samaki peke yake. Ndiyo maana kipimo kisicho na amonia na pH hakifai kuitwa kipimo cha tangi jipya.

Umri wa chupa, jambo wasiloliuliza wanunuzi

Watu huuliza bei na idadi ya vipimo. Karibu hakuna anayegeuza chupa ya matone ya kupimia kusoma tarehe, na hapo ndipo hela inapopotea. Kemikali za kupimia huchoka kwa umri, na huchoka haraka zaidi zikikaa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana. Kemikali iliyochoka mara nyingi husoma chini ya kilichomo. Inakupa rangi ya njano, unaamini amonia ni sifuri, unaongeza samaki.

Chupa nyingi za sasa zina tarehe ya mwisho. Kwenye chupa za kampuni ya API zisizo nayo, tazama namba ya bechi: tarakimu 4 za mwisho ni mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Inayoishia 0322 ilitengenezwa Machi 2022. Kanuni yangu ni miaka 3 tangu kutengenezwa. Ikizidi hapo irudishe kabatini, hata ukipunguziwa bei. Kagua kila chupa, maana maduka mengine huziba pengo la chupa iliyovunjika kwa chupa ya seti nyingine.

Kama umeshanunua na una shaka, ijaribu kwa mbolea ya CAN ya duka la pembejeo, ambayo ina amonia na naitreti kwa pamoja. Pima gramu 10 kwa mizani ya jikoni, koroga kwenye lita 10 za maji, acha chokaa ituame. Chota mililita 20 za maji ya juu kwa bomba la sindano, changanya na maji ya kunywa ya chupa hadi ifike lita 1. Kipimo ambacho hakijachoka kitaonyesha amonia karibu na 4 na naitreti kati ya 10 na 20, kwa ppm, yaani miligramu kwa lita. Kikionyesha sifuri, au rangi iliyofifia sana, kimekufa. Maji hayo yamwage kwenye mti, yasikaribie tangi.

1. API Freshwater Master Kit

Hii ndiyo ninayoipendelea na sifichi. Ina chupa 7 za matone, tyubu 4 za kioo na kadi ya rangi, na inapima pH, pH ya juu, amonia, naitraiti na naitreti. Mtengenezaji anaihesabia vipimo zaidi ya 800. Bei yake inashtua ukiiona, lakini igawanye kwa idadi hiyo kabla ya kuilinganisha na kopo la vijiti 25 vya kuchovya.

Amonia: jaza maji ya tangi hadi mstari wa mililita 5, weka matone 8 ya chupa ya kwanza na 8 ya chupa ya pili, funga, tikisa sekunde 5, subiri dakika 5. Chupa ishikwe wima kabisa, kwani ikilala matone hutoka madogo na jibu hubadilika. Usizibe tyubu kwa kidole, ngozi ina amonia. Soma kwa mwanga wa mchana mbele ya karatasi nyeupe. Balbu ya njano hukuharibia rangi. Naitraiti ni rahisi zaidi: matone 5, tikisa, dakika 5.

Naitreti ndiyo inayowashinda wengi. Chupa yake ya pili ina unga unaotuama na kuganda chini. Igonge mezani, kisha itikise kwa nguvu sekunde 30 nzima kabla ya kutoa matone 10, na baada ya hapo tikisa tyubu dakika 1. Ukiruka hatua hiyo mara moja tu, umetoa maji ya juu na kuacha unga ndani. Kuanzia hapo uwiano wa chupa yote umeharibika na kila jibu litakalofuata haliaminiki. Seti nyingi zinazolaumiwa kuwa mbovu ziliharibiwa hivyo.

2. API, amonia na naitraiti peke yake

Mfuko ukiwa mwembamba, nunua visanduku viwili hivi na uiache naitreti kwa sasa. Kwa wiki 6 za mwanzo ndivyo vinavyoamua. Ongeza cha pH, hasa kama unatumia kisima. Angalizo: dai kadi ya rangi na karatasi ya maelekezo. Chupa peke yake bila kadi haina maana, kwa sababu rangi za kampuni moja hazisomeki kwenye kadi ya nyingine.

3. JBL na Sera za matone

Ni kazi nzuri ya Wajerumani. Shida ni ya hapa: chupa ikiisha, kupata ya kujazia peke yake Dar ni kuagiza na kusubiri. Ukimpata muuzaji anayeleta za kujazia kila mara, nafasi ya pili na ya tatu zinabadilishana.

4. Seachem Ammonia Alert

Kadi ndogo inayobandikwa ndani ya kioo na kubadilika rangi ikigusana na amonia yenye sumu, kwa takriban mwaka. Kama kengele ya mlangoni inafaa sana, hasa kwa anayesafiri. Haioni naitraiti, kwa hiyo haiwezi kusimama peke yake.

5. Vijiti vya kuchovya

Tetra 6in1 inapima naitreti, naitraiti, ugumu wa maji wa aina mbili, pH na klorini. Amonia haimo. Juu ya hapo, unyevu wa Dar huingia kila unapofungua kopo. Vinafaa kuangalia klorini ya maji ya bomba, basi. Kalamu za kielektroniki za pH za bei chee zinazouzwa bila maji ya kusahihishia, ziache.

Kabla hujajaza tangi

Pima maji ya chanzo kwanza. Maji ya DAWASA yana klorini, inayoua bakteria unaowatafuta. Tumia dawa ya kuondoa klorini au acha ndoo wazi saa 24 na pampu ya hewa ikivuma. Kisima kifupi kilicho karibu na vyoo vya shimo kinaweza kukuletea naitreti kabla ya samaki wa kwanza. Maji ya boza yapime kila safari, chanzo hubadilika.

Kisha pima amonia na naitraiti kila siku. Amonia ikifika 0.5, badilisha nusu ya maji na punguza chakula. Zote mbili zikisoma sifuri siku 7 mfululizo huku samaki wanakula kawaida, ongeza wawili, si kumi.

Wauzaji wa samaki wa mapambo, wa Kariakoo na kwingineko, wana jambo la kujibu. Wengi wanauza tangi, changarawe za rangi na samaki kwa mkupuo, lakini kipimo hawaweki. Samaki wakianza kufa wanatoa dawa ya buluu, ambayo inaweza kuwamaliza hata bakteria wachache waliokwisha kuota kwenye filta, na tangi linaanza upya. Wachache wanaokupimia maji hukujibu "yako safi". Mwambie akutajie namba ya amonia, namba ya naitraiti na pH, na akuonyeshe chupa aliyotumia. Ukiona kabati lake la vipimo liko dirishani juani, nunua kwingine, na seti yako nyumbani iweke kwenye droo yenye giza, mbali na jiko.