Bodi ya chesi au skrini? Kabla hujatoa hela, pima askari wanne

Mwezi wa saba nilinunua bodi ya chesi Mwanjelwa, hapa Mbeya, ya mbao, ya kukunja, elfu 45, nimfundishe mdogo wangu maana kwa baridi lile la Uyole jioni hatoki mtu. Tumepanga tu kete, tatizo hilo hapo. Zimebanana! Unanyanyua farasi unamwangusha askofu, na kwenye chesi ukigusa kete yako kwa kukusudia lazima uicheze, basi mchezo mzima ni "umegusa", "sijakusudia dada".

Watu wanaulizana mbao au plastiki, mraba hakuna anayeupima. Chukua askari wanne, zile kete ndogo za mstari wa mbele, uwasimamishe kwenye mraba mmoja, wakienea bila kutokeza nje na bila kubakiza nafasi kubwa, nunua. Wakigoma kuenea achana nayo hata ing'ae vipi. Seti za mashindano mfalme ana kama sentimita 9.5 kwenda juu na mraba sentimita 5 mpaka 6, nenda na rula.

Kwangu namba moja ni ile ya kuviringisha kama mkeka, kete za plastiki zenye uzito kwenye kitako, hazidondoki hovyo.

Namba mbili Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, na hii naipenda wazi wazi. Ya bure kabisa, haina matangazo, ipo toka 2010, aliianzisha Mfaransa, na kwenye kompyuta hakuna kete kubanana. Ila ukizoea skrini peke yake, siku ukikaa kwenye bodi yenyewe kete zimesimama, askofu wa mshazari kutoka kona ya mbali humuoni mpaka malkia wako ameliwa. Na umeme ukikatika ndo basi.

Vile vibodi vidogo vya sumaku ni vya kwenye basi.

Kinachoniuma ni wauzaji. Boksi limefungwa nailoni, ukiomba kuangalia unaambiwa ukifungua umenunua, ukiirudisha unaimbiwa mzigo umetoka Dar na nauli imepanda, kwani mimi nimeuliza nauli? Hela yangu hawakurudisha.

Nikapima kitako cha askari, sentimita 2.6, nikazidisha mara mbili, nikaenda kwa wachapa mabango wanitolee bodi ya miraba ya 5.2, nikawasisitiza kona ya kulia ya kila mchezaji iwe nyeupe. Kete zangu zile zile sasa zinapumua.