Uzoefu wangu na hifadhidata ya askari wa Uingereza (1369–1453): sehemu ya hati za kinga

Kwa anayesoma historia ya sheria ya Uingereza, hifadhidata ya The Soldier in Later Medieval England ni chombo cha thamani kubwa. Mradi wake uliongozwa na Adrian Bell wa Chuo Kikuu cha Reading na Anne Curry wa Chuo Kikuu cha Southampton, na kuitumia ni bure. Wengi huingia humo kutafuta babu aliyepigana Agincourt, vita vya 1415 huko Ufaransa, wakaishia kwenye orodha za ukaguzi wa askari. Mimi naitumia zaidi kwa sehemu ya pili, ile ya hati za kinga, na ninayoyasema hapa yanahusu sehemu hiyo.

Kwanza ujue unachokitafuta. Askari aliyevuka bahari kwenda Ufaransa aliacha nyuma ardhi, madeni na wadai, na mdaiwa asiyefika mahakamani angeweza kupoteza mali yake akiwa vitani. Kwa hiyo mfalme alitoa hati chini ya muhuri mkuu yenye kifungu kiitwacho volumus, ikiamuru kwamba mtu huyo asisumbuliwe na mashauri kwa muda uliotajwa, kwa kawaida mwaka mmoja. Siku ya shauri mtu wake aliiwasilisha mbele ya majaji, nao wakaliweka shauri sine die, yaani bila tarehe. Shauri halikufutwa na deni halikufa. Muda ulipokwisha, mdai alipaswa kuomba wito mpya ili shauri liamke. Hati yenyewe iliorodhesha mashauri isiyoyazuia: mjane anayedai sehemu yake katika ardhi ya marehemu mumewe, mtu aliyenyang'anywa ardhi hivi karibuni, na ugomvi wa nani ana haki ya kupendekeza kasisi wa kanisa. Haya hayakuweza kusubiri vita iishe.

Hifadhidata inakupa jina, hadhi au kazi ya mtu, kapteni wake, tarehe, aina ya huduma na namba ya rejista. Namba hiyo ndiyo dhahabu. Katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, C 76 ni rejista za Ufaransa, C 61 za Gascony (kusini-magharibi mwa Ufaransa), C 71 za Scotland. Ukianza, chagua msafara mmoja unaoujua vizuri. Mimi napendekeza ule wa 1415, ambao kinga zake nyingi zimo kwenye C 76/98, kwa kuwa mikataba ya makapteni ilisainiwa mwishoni mwa Aprili na jeshi likaondoka Agosti, hivyo tarehe za hati zinaeleweka zikipangwa kando ya matukio hayo. Tafuta kwa jina la kapteni badala ya jina la askari. Majina ya askari yanaandikwa kwa namna nyingi mno, na ukishikilia tahajia moja utawakosa wengi.

Angalia pia safu ya aina ya hati. Kinga na hati ya uwakilishi zinakaa pamoja, na ni vitu viwili tofauti. Hati ya uwakilishi ilitaja watu wa kusimama mahakamani badala ya aliyesafiri. Mwenye hati hiyo alikuwa tayari kesi ziendelee. Mwenye kinga alitaka zisimame. Wapo waliochukua zote mbili, na kwa maoni yangu hao ndio wanaofaa kufuatiliwa zaidi, kwa sababu walikuwa na mali ya kutosha kushtaki na kushtakiwa.

Sasa matatizo, ambayo mengi yanatokana na vyanzo vyenyewe vya karne hizo. Hati ilichukuliwa kabla ya kuondoka. Inathibitisha kwamba mtu alisema anakwenda, na kwamba ofisi ya Chansela, mtunza muhuri mkuu, ilikubali, mara nyingi kwa hati iliyopitia muhuri wa siri wa mfalme. Haithibitishi kwamba alipanda meli. Ukitaka uhakika, mlinganishe na orodha za ukaguzi wa askari za msafara uleule, ukijua kwamba si zote zilizosalia. Pili, hesabu. Mtu aliyehuisha kinga yake kila mwaka anaonekana mara kadhaa, kwa hiyo idadi ya maingizo si idadi ya watu. Tatu, wapiga mishale wa kawaida wanaonekana kwa uchache, maana asiye na ardhi wala mkopo hakuwa na mtu wa kumpeleka mahakamani Westminster.

Halafu kuna kikosi cha Calais, mji wa bandari wa Ufaransa uliokuwa mikononi mwa Waingereza. Hapo utakutana na muuza samaki wa London, mfanyabiashara wa vitambaa, mtengeneza mavazi, wote eti wanakwenda kukaa katika msafara wa kapteni wa Calais au kupeleka chakula huko. Majina yao ni marefu kupita kiasi: fulani wa London, kwa jina jingine fulani wa Kent, kwa jina jingine fulani mwana wa fulani. Sababu ni ya kisheria. Sheria ya 1413 ilitaka wito utaje hadhi au kazi ya mdaiwa na mahali anapotoka, na kinga isiyolingana na wito ingeweza kukataliwa mahakamani. Mwenye madeni alijaza majina yote ambayo mdai yeyote angeweza kuyatumia. Ukiona mlolongo wa namna hiyo, mara nyingi umempata anayewakimbia wadai.

Bunge liliona mchezo huo mapema. Sheria ya 1377 ilizuia kinga kutumika dhidi ya madai ya vyakula vilivyonunuliwa kwa ajili ya safari yenyewe, na dhidi ya mikataba iliyofanywa baada ya tarehe ya hati. Ile ya 1390 ilitofautisha profecturus, anayejiandaa kwenda, na moraturus, anayekaa kule. Wa kwanza hakuweza kuitumia kwa shauri lililofunguliwa kabla ya hati yake, isipokuwa mfalme mwenyewe anasafiri au ni msafara wa kifalme, au ametumwa kwa kazi ya ufalme. Kwa hiyo neno hilo moja kwenye ingizo linabadilisha nguvu ya hati nzima. Usiliruke.

Pengo kubwa kwa mtumiaji ni kufutwa kwa kinga. Chansela akiarifiwa kwamba mtu hajaondoka, aliifuta, na taarifa hiyo huipati kwenye rejista za Ufaransa. Ipo kwenye C 66, rejista za hati za wazi, ambazo mihtasari yake iliyochapishwa inapatikana mtandaoni. Maneno yake karibu ni yaleyale kila mara: hati imefutwa kwa sababu fulani anakawia London akishughulikia mambo yake, kama masherifu walivyothibitisha. Kila jina unalolipata kwenye hifadhidata litafute na huko kabla hujamwita mtu askari.

Hifadhidata haikuambii pia ni shauri gani lilisimamishwa. Kwa hilo nenda kwenye picha za rejista za mahakama za Anglo-American Legal Tradition, zinazotolewa bure na Chuo Kikuu cha Houston. CP 40 ni mahakama ya madai ya kawaida, KB 27 ile ya mfalme. Chukua tarehe ya hati, hesabu mwaka mmoja mbele, kisha pitia mihula minne iliyomo: kwa hati ya Mei 1415, anza na Trinity na Michaelmas 1415, malizia na Hilary na Easter 1416. Rejista hizo zimepangwa kwa miaka ya utawala wa mfalme, hivyo kumbuka mwaka wa tatu wa Henry V ulianza Machi 21, 1415. Soma kaunti iliyoandikwa pembeni kushoto, uruke isiyokuhusu. Muhula mmoja una mamia ya kurasa za ngozi. Sura za mbele na za nyuma zimewekwa kwenye mafungu tofauti, na ingizo lililoanza mbele huweza kuendelea nyuma. Picha ni nzito, hivyo pakua usiku au penye Wi-Fi, bando litaisha. Ukikuta sine die karibu na neno protectio, yaani kinga, umefika. Kisha fungua Trinity 1416 uangalie kama mdai aliomba wito mpya.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano ningeitoa siku ambapo kinga zilizofutwa zitaunganishwa na maingizo yake.