Masuke ya uwele kutoka Soko la Tandale: kwa mwenye ndege mwoga

Naandika kwa ajili ya yeyote hapa Dar mwenye ndege wa tunduni anayekataa kila kitamu anachopewa. Wangu amepata kinachomfaa, nami nakisifu kwa moyo mmoja: masuke ya uwele yasiyopukuchuliwa, ninayonunua kwa mama mmoja muuza nafaka pale Soko la Tandale.

Ndege mwenyewe ni bajerigari, yule kasuku mdogo mwenye asili ya Australia. Wa kijani, jina lake Zuhura. Alinijia Tabata kutoka kwa jirani aliyehamia Mwanza, na kwa muda mrefu alijibanza kona ya mbali, manyoya yameshikamana na mwili, shingo ameinyoosha juu. Nilimletea vijiti vya mbegu vilivyogandishwa kwa asali, vile vinavyotoka nje ya nchi na kuuzwa kwa bei ya kuumiza. Hakuvigusa. Ndege aliyezoea mbegu kavu za kikopo akiona kitu kinachong'aa na chenye harufu ngeni, hakitambui kuwa ni chakula. Halafu kuna hofu. Kasuku mdogo huwindwa porini, na aliyeshikwa na hofu hainami kula, kwani akiinama hamwoni anayemjia.

Yule mama nilipomweleza alinisikiliza hadi mwisho, wateja wengine wakisubiri. "Mwanangu," akasema, "ndege anajua suke. Hicho kijiti chako hakijui." Akawaagiza watu wake wa Singida wamtengee masuke kabla ya kupura, na mzigo ulipofika akanipigia simu. Kifungu ni shilingi elfu mbili. Kabla sijauliza, akanihakikishia kwamba hayajapakwa ile dawa ya unga ya kuzuia wadudu ghalani. Hilo ndilo linalonifanya nimwamini, kwa sababu nafaka yenye dawa inaweza kumuua ndege, na wauzaji wengi hawafikirii kwamba kuna mtu ananunua kwa ajili ya kiumbe mdogo hivyo.

Uzuri wa suke uko kwenye urefu wake. Mwanzo nilifunga moja kwenye nyaya karibu na kijiti anacholalia, nikatoka chumbani. Niliporudi maganda yalikuwa sakafuni. Baadaye nikawa nabaki chumbani, nimekaa mbali, nasoma kwa sauti ya chini bila kumkazia macho. Kisha nikaanza kulishika suke kwa chini, ncha ikiwa ndani ya tundu, naye akala upande wake. Kadiri suke linavyopungua, mdomo unasogelea vidole, na anayeamua kusogea ni yeye. Asubuhi na mapema ndiyo saa nzuri, kabla hujajaza kikopo chake. Siku hizi hupanda kidoleni, akikataa namwacha.

Lakini masuke peke yake yasingetosha. Tundu lilikuwa dirishani, na mnajua kunguru wetu wa Dar, hawa wenye shingo ya kijivu waliotoka Bara Hindi, wanavyotua kwenye nondo za dirisha na kupiga kelele. Ndege gani atakula hapo? Nikalihamishia ukutani na kufunika ubavu mmoja kwa khanga, apate pa kujificha. Kama lako liko dirishani, anza na hilo kabla ya kununua chochote.

Kasoro zipo. Masuke huja na vumbi, na mara nyingine wadudu, kwa hiyo nayakung'uta, nayatia kwenye mfuko na kuyaweka kwenye friza siku kadhaa. Maganda hutapakaa chumba kizima. Pia si mlo kamili: akizoeshwa hayo tu, mboga ataikataa, na mchicha anauhitaji. (Parachichi msimpe kabisa, ni sumu kwa ndege.)

Msimu mzuri ni katikati ya mwaka, baada ya mavuno ya Dodoma na Singida. Miezi mingine huenda ukamkuta na uwele uliopukuchuliwa tu, ambao kwa kazi hii hausaidii sana. Weka oda mapema na umwambie wazi ni wa ndege, atakuchagulia masuke marefu.