Aina ya Tera katika Pokémon Violet: kwangu ulinzi kwanza

Pokémon Violet, mchezo wa video wa kupambanisha viumbe waitwao Pokémon, ulitoka 2022, na kinachonirudisha kwenye mapambano yake hadi leo ni Tera. Kila Pokémon ana aina zake za asili, moja au mbili, kama Moto au Maji, zinazoamua mapigo gani yatamuumiza zaidi, kisha anabeba na aina ya Tera, ya akiba. Katika pambano unaruhusiwa kuiwasha mara moja tu, kwa mmoja tu wa kikosi chako. Ukiiwasha, kwa upande wa ulinzi aina za asili zinaondoka na ya Tera inashika nafasi, na hali hiyo inabaki mpaka pambano liishe, hata ukimtoa uwanjani na kumrudisha. Mapigo ya aina zake za asili hayapungui nguvu. Aina ziko 18. Umpe ipi?

Wengi hukimbilia nguvu. Pigo linalolingana na aina ya mpigaji huzidishwa kwa 1.5, na Tera ikiwa ni ileile ya asili, huzidishwa kwa 2. Tamu kuisikia, ila piga hesabu: umeongeza theluthi moja tu juu ya ulichokuwa nacho. Sasa mtazame Kingambit, ambaye ni Giza na Chuma. Mapigo ya Kupigana yanamuumiza mara nne, ya Moto na ya Ardhi mara mbili. Mpe Tera ya Kuruka uone. Ya Kupigana yanashuka hadi nusu, ya Ardhi hayamgusi kabisa, ya Moto yanakuwa ya kawaida. Kutoka mara nne hadi nusu, maumivu yamegawanywa kwa nane! Na mapigo yake ya Giza bado yana 1.5 yake. Kingambit wangu hana hata pigo moja la Kuruka, wala halihitaji. Gharama yake ni kwamba sasa anaogopa Umeme, Barafu na Mwamba, lakini mpinzani aliyemwandalia pigo la Kupigana mara nyingi amekwisha kulituma.

Amoonguss ndiye anayenifurahisha zaidi. Kazi yake si kuua. Ni kulaza watu na kujivutia mashambulizi ili mwenzake apumue. Aina zake, Nyasi na Sumu, zinamfanya aogope Moto, Barafu, Kuruka na Akili. Tera ya Maji inazifuta zote nne kwa mkupuo, na Moto na Barafu zinaishia nusu. Tahadhari moja, maana naona watu wanaisahau: akishaacha kuwa Nyasi, kinga dhidi ya mapigo ya unga, likiwemo lile la kulaza, inakwenda nayo. Amoonguss wa upande wa pili anaweza kumlaza wa kwako, tena vizuri sana.

Kuna anayenipinga, naye ni Dragonite. Tera ya Kawaida inampa Extreme Speed yenye makali ya kweli, pigo linalotangulia karibu kila kitu. Lakini hata hapo, Barafu iliyokuwa ikimpasua mara nne inakuwa ya kawaida na mapigo ya Mzimu hayampati. Kwa hiyo sijui kama ni hoja dhidi yangu.

Kwenye mashindano rasmi ya wawili kwa wawili, orodha za vikosi huwa wazi na aina ya Tera imeandikwa humo. Kwa hiyo usitegemee kumshangaza mtu kwa aina. Mshangaze kwa wakati wa kuiwasha. Wapo kwenye kikosi changu ambao Tera yao siiwashi karibu kamwe, ila kuwepo kwake tu kunamfanya mpinzani asite.

Nisichokipenda ni gharama ya kujaribu. Kubadili aina kunafanywa na mpishi wa Treasure Eatery kule mji wa Medali, humohumo mchezoni, kwa vipande 50 vya aina unayoitaka. Vipande hivyo hupatikana zaidi kwenye mapambano ya mapangoni, na kwa anayependa kubadili mawazo hiyo ni kazi ya kuchosha.

Aina ya Tera iitwayo Stellar, nje ya zile 18, iliyoletwa na nyongeza ya mchezo, The Indigo Disk, Desemba 2023, nimeijaribu nikaiacha. Inaongeza nguvu kwa kila aina ya pigo mara moja tu, isipokuwa kwa Pokémon mmoja, Terapagos, asiye na kikomo hicho, na udhaifu wa asili unabaki ulivyo. Kingambit wa Stellar bado anapigwa mara nne. Ogerpon, Pokémon mvaa vinyago, naye mpishi hamgusi: Tera yake inafuata kinyago alichovaa, basi unachagua kinyago.