Woodstox kwa kuandikia XML: uzoefu wangu na faili za GPX za Kilimanjaro

Natumia Woodstox, maktaba ya Java ya kusoma na kuandika XML, hapa Moshi kwa kazi moja: kugeuza rekodi za GPS za waongoza wageni wa Kilimanjaro kuwa faili za GPX, yaani muundo wa XML wa kuhifadhi njia za GPS. Naipa nyota nne na nusu kati ya tano, na karibu zote imezipata kwa jambo ambalo wengi hawaliangalii kabisa, yaani namna inavyozikusanya herufi kabla ya kuzipeleka kwenye diski. Ile nusu iliyopungua nitaisema mwishoni.

GPX 1.1 ni XML ya kawaida, haina maajabu. Nukta moja ya kileleni Uhuru inaonekana hivi:

`<trkpt lat="-3.0758000" lon="37.3533000"><ele>5895.0</ele><time>2024-02-10T03:40:00Z</time></trkpt>`

(Hiyo ni saa 12:40 asubuhi kwetu. Z ni saa za UTC. Kifaa kikiandika saa za Moshi kisha kikabandika Z, safari nzima inasogea mbele kwa saa tatu.) Ukihesabu pamoja na alama ya mwisho wa mstari, nukta hiyo ni baiti 100 kamili. Kifaa kinachorekodi kila sekunde kwa mwendo wa saa 8 kinatoa nukta 28,800 kwa siku. Njia ya Machame kwa siku 7 ni nukta 201,600, sawa na baiti 20,160,000. Kwa diski ya leo hizo si nyingi. Ila zinaweza kuandikwa vibaya mpaka mashine ikahema.

Kila programu inapouomba mfumo wa uendeshaji uandike kitu, kuna nauli, na nauli hiyo ni karibu ileile ukibeba baiti moja au ukibeba elfu nane. Bafa, yaani kipande cha kumbukumbu kinachokusanya baiti kabla hazijaandikwa, ni Hiace ya stendi: haiondoki mpaka ijae. Bila bafa, faili yetu inaweza kudai safari 20,160,000. Kwa bafa ya baiti 8,192 zinakuwa safari 2,461. Kwa bafa ya 65,536 zinakuwa 308. Faida karibu yote iko kwenye hatua ya kwanza. Kutoka 2,461 kwenda 308 utaiona kwenye vipimo kuliko kwenye saa ya ukutani. Ndiyo maana siwaelewi wanaotenga bafa ya megabaiti 10 kwa faili moja.

Sasa, Java ina mwandishi wake wa XML anayekuja na JDK (kifurushi cha kutengenezea programu za Java) tangu Java 6, kupitia XMLStreamWriter. Ni mzuri, lakini ana tabia moja ya kujua mapema: ukimpa FileOutputStream tupu na kumwambia UTF-8 (usimbaji, yaani namna ya kugeuza herufi kuwa baiti), anasukuma baiti moja moja. Usiniamini mimi, itazame mwenyewe kwenye Linux kwa strace, inayoonyesha kila ombi la programu kwa mfumo wa uendeshaji:

`strace -f -e trace=write -o /tmp/w.txt java -jar gpx.jar`

Fungua /tmp/w.txt. Utakuta mistari kama `write(5, "<", 1) = 1`, halafu `write(5, "t", 1) = 1`, halafu "r", halafu "k", ukurasa baada ya ukurasa. Dawa ni neno moja: weka BufferedOutputStream katikati. Bafa yake ya kawaida ni baiti 8,192 na inatosha.

Woodstox haihitaji kukumbushwa. Ndani yake kuna darasa linaloitwa BufferingXmlWriter, lenye safu yake ya herufi. Vipande vifupi, kama jina la tegi, alama ya nukuu au namba ya latitudo, vinanakiliwa humo. Kikija kipande kirefu cha maandishi ghafi, kilichomo kinamwagwa kwanza, kisha kile kirefu kinapitishwa moja kwa moja bila kunakiliwa mara ya pili. Maelezo ya darasa lenyewe yanasema wazi kwamba Writer iliyo chini yake haihitaji bafa, na haifai kuwa nayo. Ukimpa OutputStream na UTF-8, anatumia kigeuzi chake mwenyewe cha herufi kuwa baiti, nacho kina bafa yake.

Hapa ndipo napoona watu wakiharibu kwa nia njema. Wamesoma kwamba bafa ni nzuri, basi wanamfunga OutputStreamWriter ndani ya BufferedWriter, kisha wanampa Woodstox. Kila herufi sasa inanakiliwa mara moja zaidi bila faida. Tena kuna hasara ya pili, iliyojificha zaidi. Mwandishi wa JDK akipewa OutputStreamWriter wazi, anaweza kumuuliza unatumia usimbaji gani, na kama haulingani na ulioutangaza kwenye writeStartDocument anagoma palepale. Ukimfunika na BufferedWriter, swali hilo haliulizwi tena. Faili inatoka na tangazo la UTF-8 juu na kitu kingine ndani.

Kwa Kiswahili tatizo hili linakuja na ng'. Kijiji cha Ng'iresi, pale juu ya Arusha, kikiandikwa kwa alama ya kawaida ya kibodi (U+0027) hakina shida popote. Lakini simu na programu za kuandikia hubadilisha alama hiyo kuwa ile iliyopinda, U+2019. Katika UTF-8 hiyo ni baiti tatu. Katika windows-1252 ni baiti moja, 0x92. Ukitumia FileWriter bila kutaja usimbaji, kwenye Windows na Java iliyo chini ya 18, unapata 0x92 ndani ya faili inayojiita UTF-8, na msomaji wa XML analalamika: `Invalid byte 1 of 1-byte UTF-8 sequence`. Tangu Java 18 ya mwaka 2022 chaguo la kawaida ni UTF-8 kila mahali, lakini mashine za maofisini hazijahama zote. Mimi simpi Woodstox Writer hata siku moja. Nampa OutputStream na neno "UTF-8", aamue mwenyewe.

Muundo ninaoutumia ni huu:

```
try (FileChannel ch = FileChannel.open(muda, CREATE, WRITE, TRUNCATE_EXISTING);
     OutputStream os = new BufferedOutputStream(Channels.newOutputStream(ch), 65536)) {
    XMLStreamWriter xw = kiwanda.createXMLStreamWriter(os, "UTF-8");
    xw.writeStartDocument("UTF-8", "1.0");
    andikaNukta(xw, rekodi);
    xw.writeEndDocument();
    xw.close();
    os.flush();
    ch.force(true);
}
Files.move(muda, lengo, ATOMIC_MOVE);
```

Utauliza, mbona na mimi nimeweka bafa juu ya bafa? Hiyo iko upande wa baiti, chini kabisa, nami naiweka kama bima. XMLOutputFactory.newInstance() huchagua mwandishi kwa kutazama kilichomo kwenye classpath, yaani orodha ya maktaba ambazo programu inazipata. Mtu akiiondoa jar ya Woodstox kwa bahati mbaya, msimbo uleule unaendelea kufanya kazi, ila sasa unatumia wa JDK, baiti moja moja, na hakuna kosa litakaloonekana. Programu itazidi tu kuwa nzito. Chapisha `kiwanda.getClass().getName()` kwenye logi inapoanza: ukiona com.ctc.wstx.stax.WstxOutputFactory uko salama. Na kiwanda hicho kiunde mara moja tu, si kwa kila faili, kwa sababu ule utafutaji wenyewe unachukua muda. Kwa Woodstox, ukishamaliza kukipangia sifa zake, nyuzi (threads) nyingi zinaweza kukitumia kwa pamoja.

Mpangilio wa mistari ya mwisho si pambo. XMLStreamWriter si AutoCloseable, kwa hiyo try haimjui, na close() yake haifungi strimu iliyo chini. Usipoita close(), flush() wala writeEndDocument(), kilichobaki kwenye bafa yake hakifiki popote. Faili inaishia `<trkpt lat="-3.06` na hapo basi. Ukitumia mwandishi wa JDK juu ya BufferedOutputStream isiyofungwa, ushahidi uko kwenye `ls -l`: ukubwa wa faili unagawanyika kwa 8,192 bila baki, 40,960 kwa mfano. Ukiona namba ya namna hiyo usianze kuchunguza data. Kuna mtu hakufunga strimu.

Kosa la upande wa pili ni flush() baada ya kila nukta, "ili data iwe salama". Hiyo ni kuiondoa Hiace na abiria mmoja: tunarudi kwenye safari 201,600. Wala usalama wenyewe haupo. flush() inatoa baiti kwenye programu na kuzikabidhi kwa kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji. Umeme ukikatika sekunde hiyohiyo, zinaweza kupotea zikiwa kwenye kumbukumbu. Kinachosubiri diski ni force(true), nacho ni kizito, ndiyo maana nakiita mara moja mwishoni. Faili ya muda inayopewa jina lake halisi baada ya kukamilika inafanya kazi iliyobaki: anayeisoma anakuta faili nzima au hakuti kitu.

Wapo wanaokwepa haya yote kwa kujaza XML yote kwenye StringBuilder na kuiandika kwa mkupuo. Kwa faili ya kilobaiti 50, sawa, sina neno. Kwa faili yetu, tangu Java 9, herufi za Kilatini za kawaida huchukua baiti moja kila moja, lakini ikiingia alama moja tu iliyopinda ya Ng’iresi, au emoji ya mlima, StringBuilder nzima inahamia baiti mbili kwa kila herufi. Megabaiti 20 zinakuwa 40, toString() inaongeza 40 nyingine, getBytes() inaongeza 20. Mia, kwa faili moja, kwenye seva ambayo umeipa -Xmx256m, yaani kumbukumbu isiyozidi megabaiti 256. Wageni wawili wakipakua kwa pamoja umekwisha.

Ukibana kwa gzip, angalia bafa imekaa wapi. GZIPOutputStream yenyewe ina bafa ya baiti 512 tu, tena hiyo ni ya upande wa kutokea. Ukimpa baiti moja moja, kila moja inakwenda kwenye kibanaji peke yake. BufferedOutputStream ikae kati ya XML na gzip, na gzip yenyewe ipe 65536 kwenye konstrakta. Hapa flush() pekee haimalizi kazi; bila close() au finish(), mkia wa gzip hauandikwi na gunzip italalamika kwamba faili imekatika.

Jambo jingine lililonifanya nibaki na Woodstox ni ukali wake. Majina ya nukta yanayotoka kwenye vifaa vya zamani huja na takataka ndani, kama 0x0B au 0x00. XML 1.0 hairuhusu herufi yoyote chini ya 0x20 isipokuwa 0x9, 0xA na 0xD. Wa JDK huipitisha kimya, na anayeumia ni msomaji. Woodstox anakataa wakati wa kuandika. Kama hutaki akatae, mpe InvalidCharHandler.ReplacingHandler(' ') kupitia P_OUTPUT_INVALID_CHAR_HANDLER naye ataweka nafasi mahali pake. Alama ya & kwenye jina kama "Shira & Lava Tower" wote wawili wanaibadilisha vizuri, mradi upitie writeCharacters.

Namba nazo zina mtego. String.format kwa kila latitudo ni ghali kuliko XML yenyewe, na kwenye laptopu iliyopangwa kwa Kijerumani inatoa 37,3533000 yenye mkato, usipotaja Locale.ROOT. Stax2, nyongeza inayokuja na Woodstox, ina writeDoubleAttribute, ya haraka na safi, na kwa Kilimanjaro haina tatizo. Ipeleke Nanyuki, pale Ikweta inapopita, nukta ya 0.0005 inatoka 5.0E-4, na skima ya GPX inataka desimali, haitaki E. Mimi nahifadhi latitudo kama namba kamili ya sehemu za milioni kumi za digrii, halafu naandika BigDecimal.valueOf(n, 7).toPlainString().

Nusu nyota iliyopungua ni kwa sababu ya simu. Android haina javax.xml.stream, kwa hiyo kwenye programu ya mwongoza wageni mwenyewe, anayerekodi akiwa Barafu bila mtandao, Woodstox siiweki. Huko natumia Xml.newSerializer(), na setOutput yake naipa BufferedOutputStream na "UTF-8", na endDocument() siisahau.