Seti ya kapasita za runinga za valvu: nyota nne, na sehemu tatu za kutoiweka

Sanduku lina vyumba vidogo vyenye kapasita (vifaa vidogo vinavyotunza chaji ya umeme) za plastiki za volti 630, kuanzia mikrofaradi 0.001 hadi 0.47, kumi kumi kila saizi. Upande wa pili kuna za elektroliti za volti 450, zinazovumilia nyuzi joto 105: mikrofaradi 10, 22, 47 na 100, tano tano. Kwa anayeanza na runinga ya valvu (mirija ya kioo iliyotangulia transista) isiyo ya rangi, ya miaka ya 1950, hapo kuna karibu kila kapasita atakayoihitaji chini ya chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba vifaa.

Volti ndizo zinazofanya seti hii ifae. Seti nyingi za mchanganyiko zina kapasita za volti 50 au 100, na chesisi ya valvu yenye volti 300 huzimaliza mara moja. Runinga za transista ni kinyume chake: huko utahitaji elektroliti za volti 16 hadi 63, na sanduku hili halitakufaa.

Kapasita za zamani za karatasi na nta toa zote bila kuzipima. Multimita huzipima kwa volti chache tu, kwa hiyo itakuonyesha kapasita nzima, kumbe ikipata volti 200 inavuja. Ikivuja kuelekea gridi (sehemu inayodhibiti mkondo) ya valvu inayosukuma picha wima, gridi inapata volti chanya, valvu inachemka, na picha inajikunja upande wa chini. Ndogo za maika ziache, hizo mara chache huharibika.

Namba ndizo huwachanganya wengi. MFD ni mikrofaradi, MMF ni pikofaradi. Palipoandikwa .05 weka 0.047; .02 weka 0.022; .005 weka 0.0047. Elektroliti ya 40 badilisha kwa 47, ila usiweke 100 kwa kudhani kubwa ndiyo bora: kapasita ya kwanza baada ya valvu ya rektifaya (inayogeuza umeme wa ukutani kuwa mkondo mnyoofu) ikizidi sana, valvu hiyo inabeba mzigo usio wake kila unapowasha. Na usiibandike mpya juu ya ya zamani. Kata kabisa waya za kopo la zamani (elektroliti ya bati), kopo libaki kama pambo.

Nyota moja imepotea kwenye miguu. Kapasita zote za sanduku hili zina miguu miwili upande mmoja, wakati chesisi ya zamani inataka mguu mmoja kila ncha. Itabidi mguu mmoja uupindishe uupitishe ubavuni mwa kapasita, nao ukibaki uchi utagusa kitu tu. Vimirija vya kuuvalisha havimo sandukuni, kwa hiyo nunua kando. Ukikata kapasita ya zamani acha sentimita moja ya waya wake, ikunje iwe kitanzi, pitisha mguu mpya humo, kisha lehemu. Ni rahisi kuliko kufukua kiungo chenye waya tano.

Sasa zile sehemu tatu. Kapasita ya busta karibu na valvu ya dampa (zote mbili ni za saketi inayosukuma picha mlalo) hukaa kwenye volti 500 na zaidi, kwa hiyo 630 haiachi nafasi. Tafuta ya 1000 au zaidi. Vile vidogo vya pikofaradi kwenye flaibeki (transfoma inayotoa volti kubwa za kioo) na koili za shingoni mwa kioo vinahitaji volti za maelfu. Ya tatu ni ya usalama wako: inayokaa kati ya waya mbili za umeme wa ukutani iwe aina ya X2, na inayotoka kwenye umeme huo kwenda chesisi iwe Y2, ambazo ni aina zilizotengenezwa kwa umeme wa ukutani. Ya kawaida ikipiga shoti hapo, chesisi nzima inakuwa na umeme. Runinga nyingi zisizo na transfoma huwa nao tangu kiwandani, basi fanyia kazi kwenye transfoma ya kutenganisha, inayoitenga runinga na umeme wa ukutani.

Kabla ya kugusa chochote chomoa plagi, nyonya chaji ya elektroliti kwa rezista ya kiloomu 10, wati 5, kwa sekunde kumi, kisha hakikisha kwa mita. Kioo nacho hubaki na chaji ya maelfu ya volti. Ishushe kwa bisibisi ya mpini wa plastiki iliyofungwa waya kwenye ardhi ya kioo, yaani ile rangi nyeusi ya mgongoni mwake, kisha ncha iguse kiungo cha waya wa volti kubwa kwenye kioo.

Badilisha tatu nne, washa kupitia balbu ya nyuzi ya wati 150 iliyounganishwa mfululizo, angalia, endelea. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote isififie, anza kutafuta kosa kwenye zile za mwisho ulizoweka. Ukibadilisha ishirini kwa mkupuo hutajua uanzie wapi.

Za 0.01, 0.047 na 0.1 ndizo huisha kwanza, ongeza pakiti ya kila moja. Za 0.47 huenda zikabaki nyingi.