Vifaa vya 3D Bagamoyo: uanze kununua nini?

Wachongaji na waongoza watalii wa hapa Bagamoyo wakisikia 3D, yaani picha na maumbo yenye kina, swali lao la kwanza ni printa ya kuchapa maumbo hayo kwa plastiki. Mimi printa naiweka namba nne. Kuna vya bei ndogo vinavyoanza kazi siku hiyo hiyo.

Namba moja ni miwani ya karatasi ya rangi mbili: nyekundu jicho la kushoto, buluu-kijani la kulia. Simama mita mbili mbele ya mlango wa nakshi pale Mji Mkongwe, piga picha, sogea kulia sentimita 6 hivi (ndio umbali wa jicho na jicho), piga ya pili bila kugeuza simu. Ziunganishe kwa GIMP, programu ya bure ya kompyuta. Ukivaa miwani, ua lililochongwa linatuna kama kitumbua. Kabla hujalipa, tazama maandishi mekundu kwenye karatasi nyeupe kupitia upande mwekundu: yakipotea, miwani inafaa, yakibaki yanaonekana wazi, mrudishie muuzaji. Kasoro yake ni rangi, zinaharibika.

Anayetaka rangi halisi achukue boksi la kuwekea simu, lenye lenzi mbili za kutazamia, namba mbili. Google walitoa mchoro wa boksi lao la aina hii, Cardboard, mwaka 2014, kwa hiyo unaweza kukata boksi mwenyewe ukanunua lenzi mbili tu, zenye fokasi ya milimita 45. Ila kagua simu kwanza! Simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu, sensa inayohisi simu inavyogeuka, na bila hiyo ukigeuza kichwa picha haikufuati. Programu ya bure ya kupima sensa itakuambia. Kwa mgeni asiyeweza kutembea hadi magofu ya Kaole, boksi hili linatosha kabisa.

Namba tatu ni kutengeneza umbo zima kutokana na picha za kawaida. Hapa hela inaenda kwenye kompyuta. Programu ya kazi hiyo, Meshroom, ni ya bure, lakini kwa kazi kamili inataka kadi ya picha (grafiki) ya NVIDIA, kwa hiyo laptopu ya ofisini usiitegemee. Piga picha hamsini au zaidi, kila moja ikigusa sehemu kubwa ya iliyotangulia, siku ya mawingu. Nakshi inatoka vizuri kwa sababu ina alama nyingi za kushikwa na programu. Ukuta mweupe mtupu na misumari ya shaba inayong'aa ndiyo inayosumbua.

Haya, printa. Ender 3 ya Creality inachapa hadi milimita 220 kwa 220 kwa 250: mlango hauingii, sampuli ya ua moja inaingia. Plastiki inayotumika kuchapia, PLA, inanyonya unyevu, na upepo wetu wa bahari hauisaidii, basi ifungie kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha. Chagua printa inayoendelea ilipoishia umeme ukirudi, japo kitanda (bamba ambalo kazi inachapwa juu yake) kikipoa kazi inaweza kubanduka. Na kazi ya PLA usiiache ndani ya gari juani. Kwenye nyuzi 60 hivi inalegea.

Printa ya rezini, inayotumia plastiki ya maji inayogandishwa kwa mwanga, inatoa nakshi nzuri kuliko zote, lakini inataka glavu, spiriti ya kuoshea na chumba chenye hewa. Kwa nyumba ya vyumba viwili yenye watoto, siinunui hata kwa bei ya kutupa.